Barabara ikifungwa Jumamosi na kazi yako ni ya Jumamosi

Barabara mimi naijua na masikio. Miaka 11 nimekaa kiti cha mbele cha kanta, lori yangu ndogo ya kazi ya kukodisha tenti na viti, nyuma yangu viti 300 vya plastiki, vyuma vya tenti, meza na jenereta, na hio mzigo huwa inaongea. Penye lami iko sawa inanyamaza. Penye lami imechoka inaanza kugongana, kwanza vyuma, alafu viti, na ukifika pale Githurai penye matatu zinakanyaga breki kutwa kucha, kila kitu huko nyuma kinapiga kelele mpaka dereva wangu anazima redio asikie kama kuna kitu kimeanguka. Kwa hivyo mtu asisome hii kitu akasema Mama Tenti anapinga barabara kutengenezwa. Hio barabara nimeiombea itengenezwe. Nimenunua springi za kanta mara mbili kwa mwaka mmoja juu ya hio kipande, na siku moja meza ya vioo ilifika kwa mteja ikiwa vipande kama barafu, nikalipa, na mteja hata hakuwa ameuliza.

Kenye nataka kuongelea ni kufungwa kwa barabara wikendi. Juu Agosti iliyopita kipande chetu cha Thika Road kilifungwa, upande wa kuingia tao, kutoka Githurai mpaka Roysambu, kuanzia Ijumaa saa nne usiku mpaka Jumatatu saa kumi na moja alfajiri, ndio lami ya juu ikwanguliwe yote na iwekwe ingine. Na hio tangazo mimi niliipata Ijumaa asubuhi. Ijumaa hio hio! Sikuipata kwa wenye kazi, niliipata kwa grupu ya WhatsApp ya kanisa, picha imepitishwa kwa simu nyingi mpaka maandishi yamefifia, nikaikuza na vidole nikisoma herufi moja moja, na vile nasoma mkono unaanza kutetemeka juu nilikuwa najua kitabu changu kinasema nini kuhusu Jumamosi.

Jumamosi nilikuwa na harusi Parklands, viti 300, tenti tatu, zulia, na mama harusi alikuwa amelipa depoziti tangu Februari. Alafu ruracio, ile sherehe ya mahari, Zimmerman, hio ni karibu, haikunipa presha. Jumapili kulikuwa na watu wa ukumbusho Kasarani, mzee wao alikuwa anatimiza mwaka tangu azikwe.

Nimeskia watu wakisema ati wikendi ndio wakati mzuri wa kufunga barabara juu watu wako nyumbani. Watu gani? Mwenye ofisi ako nyumbani, sawa, na mtoto wa shule pia, na hio ni kweli Jumatatu asubuhi hio barabara ikifungwa Nairobi yote ingesimama kutoka Ruiru mpaka Museum Hill, hio siwezi bisha. Lakini hesabu na mimi wale ambao wikendi ndio kazi yao. Mwenye kuoka keki. Mpiga picha. Didjei na spika zake. Wapishi wa pilau wanaotoka na masufuria saa tisa usiku. Msusi, yule Jumamosi anasuka mpaka mikono inakufa ganzi juu kesho ni kanisa. Mama wa mitumba ambaye Jumatatu mpaka Alhamisi anauza za kununua unga tu na Jumamosi ndio anauza za kulipa rent. Soja wa geti, nesi wa zamu, mtu wa sokoni. Matatu yenyewe, makanga atakwambia Jumamosi na Jumapili wanabebana na familia nzima, watoto wamekaliwa magotini. Na watu wa matanga, hawa ndio naonea huruma zaidi, juu matanga huwezi sukuma mbele, mochari inahesabu siku na basi ya kwenda ushago ishalipwa, na kaburi limechimbwa huko Murang'a, wazee wanangoja. Wikendi Nairobi si mapumziko kwa watu wengi sana. Ni siku ya mavuno.

Na Agosti! Mwenye hajui biashara yetu hajui venye Agosti na Disemba zinatubeba mwaka mzima. Shule zimefungwa, mvua hakuna, kila mtu anaoa. Na ni sababu hizo hizo ndio wenye barabara wakachagua Agosti, nimekuja kuelewa baadaye. Shule zimefungwa, mvua hakuna. Tunang'ang'ania siku moja mimi na wao, na hakuna mwenye amekosea kuitaka.

Wacha niwaambie venye ilienda.

Tulitoka stoo saa nane usiku. Kawaida kwa hio saa kutoka kwetu mpaka Parklands ni nusu saa, Thika Road mpaka Pangani, unaingia Forest Road, umefika. Nikasema tuzunguke Kahawa West, tushike Kamiti Road, tuingie Northern Bypass, tutokee Kiambu Road tushuke mpaka Muthaiga. Kwa akili yangu ilikuwa njia safi. Sikufikiria kwamba kila trela ya kutoka Thika pia itakuwa imefikiria hivyo. Bypass ni leni moja kwenda na moja kurudi, trela moja ikaharibika kwa mlima, tairi zimepasuka mbili, na hapo tukakaa. Tukakaa. Dereva akazima injini tuokoe dizeli. Vijana wangu wanne walikuwa nyuma wamelala juu ya turubai za tenti, mmoja akaja dirishani akaniuliza "Mathe, tutafika?" na mimi nikamwambia tutafika, na sikuwa najua.

Kulikucha tukiwa hapo. Mama harusi alinipigia saa kumi na mbili, hakupiga kelele, na hio ndio iliniumiza, angepiga kelele ningejitetea. Aliniuliza tu "Mama Tenti, uko wapi mpendwa?" Nikamwambia ukweli, kwamba barabara imefungwa nimezunguka na nimekwama. Akanyamaza kidogo akasema sawa, akina kaka wako hapa wamekuja mapema watakusaidia kupanga. Tulifika saa tatu kasoro. Tenti ya kwanza ilisimama wageni wakiwa wamesimama kwa jua, wasimamizi wa bwana harusi wamevua makoti wanapitisha viti mkono kwa mkono, mashati meupe yamechafuka, na mimi nafunga kamba na suti yangu ya kitenge juu hakukuwa na wakati wa kuogopa vumbi. Harusi ilifanyika. Nilirudisha robo ya pesa bila kuulizwa. Lakini kuna picha za asubuhi ya harusi yake ambazo hazikupigwa na hazitawahi pigwa, mahali palikuwa hapajapangwa, na hio siwezi rudisha na M-Pesa.

Sasa hapo ndio ningemalizia kama ningekuwa na hasira tu. Lakini Jumamosi hio hio usiku kuna kitu niliona kikanibadilisha, na nimekaa nacho sana.

Tulikuwa tunachukua viti za ruracio Zimmerman, ikawa kitu saa tano usiku, nikawaacha vijana wakipakia nikatembea mpaka daraja la miguu la Roysambu, lile la moli ya TRM, kuona hio kazi iliyoniharibia siku. Nikasimama juu katikati. Aki sijawahi ona Thika Road hivyo. Mimi nilikuwepo wakati inajengwa, 2009 mpaka 2012, tulikula hilo vumbi miaka mitatu, nikaona Kibaki akiifungua Novemba 2012, kilomita 50 mpaka Thika, tukaambiwa ni superhaiwei na kweli ilikuwa, na tangu siku hio sijawahi iona ikiwa kimya. Usiku huo upande mmoja ulikuwa tupu mpaka penye macho yanafika. Unaskia kesha ya kanisa ng'ambo ile, unaskia mbwa. Alafu kwa mbali upande wa Githurai, taa nyeupe kama za uwanja, na moshi, na harufu ya lami.

Nina mpwa wangu anasomea uinjinia wa barabara JKUAT, na huo muhula alikuwa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, hapo hapo kwa hio kazi, na mimi hata sikuwa najua ni hio kazi. Nikampigia kumwambia niko juu ya daraja. Akasema, "Anti, usishuke, nakuja." Akaja na helmeti na jaketi ya kung'aa, uso mweusi wa masizi, macho mekundu, tukasimama hapo kitu ka lisaa limoja, na kila swali nililomrushia kwa hasira alilijibu pole pole kama mtu anaelezea mgonjwa.

Nikamuuliza kwanza, mbona mfunge yote, si mngefunga leni moja tu usiku, asubuhi mnafungua watu wanapita, usiku mnarudi. Akaniambia, anti, tuhesabu. Saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri ni masaa saba. Kupanga koni na mabango na taa mpaka mahali pawe salama, lisaa limeenda. Asubuhi kuziondoa, lisaa lingine. Na lami ikishawekwa haiwezi kukanyagwa ikiwa moto, lazima ipoe, hapo toa mengine mawili. Umebaki na masaa matatu. Kwa masaa matatu unaweka kipande kidogo, kesho usiku unaunganisha kipande kingine na hicho cha jana ambacho kishapoa, na pale zinapokutana, moto na baridi, hazishikani vizuri. Hapo kwa hio mshono ndio maji yanaingia. Ukiona shimo limeanza kwa mstari ulionyooka katikati ya barabara, akaniambia, mara nyingi ni mshono.

Na mimi hizo mistari nazijua! Nimezipita miaka. Nilikuwa nadhani ni fundi mbaya tu.

Akanieleza venye wanafanya. Mashine inatangulia, ina ngoma ya meno ya chuma chini, inakwangua lami ya zamani kama sentimita tano na kuitema kwa lori iliyo mbele. Wanafagia, wanapuliza vumbi litoke lote. Wananyunyiza lami nyepesi kama gundi ndio ya juu ishike ya chini. Alafu malori yanaleta lami mpya imefunikwa turubai isipoe njiani, inatoka kiwandani kama digrii 150 au zaidi, inamwagwa kwa mashine ya kutandaza, na vijana wa reki wanafuata wakisawazisha kingo na viatu vinachomeka nyayo. Na rola ziko nyuma, ya chuma na ya matairi. Hizo rola hazina ruhusa ya kuchelewa. Lami ikishuka kama digrii 80 hivi, rola inaeza pita hapo mpaka asubuhi na haitashindiliwa tena, itabaki na hewa ndani, na penye kuna hewa maji yatakaa, na mvua ya Novemba itamaliza kazi. Sasa fikiria lori la lami limekwama kwa jam na lami inapoa ndani. Ndio maana wanataka barabara tupu, akaniambia, si ya kuwekea tu, hata ya kuleta.

Nilifikiria trela yangu ya Northern Bypass hapo. Na mimi nilikuwa nimebeba kitu kinachopoa.

Tukaongea pia juu ya kwa nini hio barabara imechoka, juu miaka si mingi hivyo. Yeye anasema kuna majaribio Wamarekani walifanya Illinois mwisho wa miaka ya 1950, walijenga barabara za majaribio wakazungusha malori juu yake miaka miwili wakipima, na wakapata kwamba ekseli ikibebeshwa uzito mara mbili, barabara haiumii mara mbili, inaumia kama mara kumi na sita. Mara 16! Hio hesabu ilinikaa. Gari ndogo za watu elfu hazifanyi kile trela moja iliyojazwa kupita kiasi inafanya. Sheria ya Afrika Mashariki inasema trela kubwa kabisa isizidi tani 56 na ekseli yenye matairi pacha isizidi tani 10, na mizani iko hapo Juja, lakini mzigo wa mawe na mchanga wa kujenga maghorofa yetu unajulikana venye hupita usiku. Sitasema zaidi. Na steji nazo, matatu zinamwaga dizeli na oili, na dizeli inayeyusha lami pole pole, ukiangalia chini penye matatu zinasimama utaona lami imelegea imejikunja kama nguo. Na mitaro. Mitaro yetu imejaa chupa na taka, ile mvua ya 2024 maji yalikaa juu ya barabara siku nzima, yanatafuta ufa, yanaingia. Kwa hivyo hio barabara tumeichokesha wote pamoja, na mimi na kanta yangu nimo.

Pesa za kuitengeneza pia tunazitoa wote. Tangu Julai 2024 kila lita ya petroli au dizeli ina shilingi 25 za matengenezo ya barabara, kabla ya hapo ilikuwa 18. Kanta yangu nikiweka lita 60, elfu moja na mia tano ni za barabara. Silalamiki. Nataka tu niseme sisi tunaopita hapo si wageni tunaombewa uvumilivu, sisi ni wenye mali na mali yetu inatengenezwa, na mwenye mali huwa anaambiwa mapema fundi akija.

Na hapa ndio nafika penye moyo wangu uko.

Mpwa wangu aliniambia California wana mtindo wanauita masaa 55, na ukihesabu ni masaa yale yale tuliofungiwa sisi, Ijumaa saa nne usiku mpaka Jumatatu saa kumi na moja. Mwaka 2003 huko Long Beach walitengeneza kipande cha barabara kuu namba 710, ile ya malori ya bandarini, kwa wikendi nane za masaa 55, badala ya kusumbua watu kila usiku kwa miezi. Na mwaka 2011 Los Angeles walifunga barabara ya 405 wikendi moja ya Julai, kama kilomita 16, wabomoe nusu ya daraja, na hio ni moja ya barabara zenye magari mengi Marekani nzima. Watu waliogopa mpaka wakaipa jina, Carmageddon, kama kiama cha magari. Lakini walikuwa wameambiwa kwa muda mrefu. Redio, mabango, viongozi wanaongea, watu maarufu wanaombwa wawaambie mashabiki wao wakae nyumbani. Na wikendi ikafika, watu wakakaa nyumbani, barabara zikawa nyeupe, kazi ikaisha mapema wakafungua Jumapili mchana, kama masaa 17 kabla ya ile saa waliyosema.

Hao hawakuwa na barabara ingine ya ajabu ya kupita. Walikuwa wameambiwa tu, na wakaamini, na wakajipanga.

Mimi ningeambiwa Juni, hio harusi ingeenda tofauti kabisa. Viti ningepeleka Alhamisi, vingelala Parklands, kijana mmoja analala navyo, namlipa elfu moja. Kwisha maneno! Hata wiki mbili zingetosha. Mama wa keki angelala kwa dada yake ng'ambo ile. Watu wa matanga wangeenda Ijumaa mchana. Nairobi watu si wagumu, sisi ni watu wa kujipanga, mtu wa Githurai anaamka saa kumi kila siku ya Mungu kujipanga. Lakini huwezi jipanga na picha imefifia ya Ijumaa asubuhi.

Na kama kuna mtu anapanga hizi kazi na amefika hapa kusoma, naomba kutoka moyoni, tangazo lisikae kwa gazeti na kwa mtandao peke yake. Lipelekwe steji. Makanga wa Githurai akijua, kila mtu amejua kabla ya jua kuzama. Lipelekwe kanisani na msikitini, lisomwe na matangazo ya ndoa, juu huko ndio harusi zinatangazwa na huko ndio padri atasema eh, Jumamosi hio barabara imefungwa. Redio za lugha za nyumbani, zile dereva wa kanta anaskiza usiku. Na lisemwe wikendi zote kwa pamoja, hii na hii na hii, si moja moja kama siri. Na kwenye njia za kuzunguka, muweke gari ya kuvuta. Moja tu. Hio trela yetu ilivutwa saa mbili asubuhi na ilikuwa imeharibika tangu saa tisa usiku, na nyuma yake kulikuwa na ambulensi, niliiona mimi, taa zinazunguka na haina mahali pa kwenda.

Tena watu wa miguu. Hii inaniuma. Usiku ule juu ya daraja niliona akina mama wanatembea kutoka Githurai kwenda Roysambu, mizigo kichwani, juu matatu zilikuwa chache na nauli imepanda mara mbili, na sevis leni ilikuwa giza tupu. Taa za kazi ziko pale mita mia mbili zinamulika mashine. Taa mbili zingegeuzwa upande wa wanaotembea. Barabara ikifungwa gari, mtu wa miguu ndio anabaki, na ndio wa mwisho kufikiriwa. Nilimwambia mpwa wangu hivyo, akaandika kwa kidaftari chake. Akanipigia Jumapili jioni akaniambia foremani amegeuza taa moja. Moja. Nilifurahi mpaka nikawaambia vijana.

Mimi sasa msimamo wangu ni huu na nitausema hata kwa wateja waliokasirika: wafunge kabisa. Wasifunge nusu. Nimeona hizi kazi za nusu nusu, viraka vya usiku, kijana anamwaga lami ya baridi kwa shimo lenye maji anaipiga na koleo, na baada ya mvua mbili shimo limerudi na ndugu zake. Heri nipoteze Jumamosi moja niliyoambiwa mapema kuliko kuchukua miaka mitano ya springi. Lakini wakifunga, wajue wanachukua nini kwa nani. Jumamosi ya mtu wa tenti ni mshahara wa wiki wa watu saba.

Kufungua walifungua. Jumatatu saa kumi na moja hata kabla adhana iishe, matatu ya kwanza ilipita inapiga honi kama ni harusi. Sisi tulishuka saa kumi na mbili na nusu tukitoka kuweka gari mafuta, tunaenda Parklands kuchukua viti vyetu vilivyobaki. Kanta ilikuwa na vyuma tu na meza chache. Tukaingia kwa lami mpya pale Githurai, nyeusi ti, mistari haijachorwa vizuri bado, na dereva wangu akanyoosha mkono kuzima redio kama kawaida yake.

Kimya. Vyuma havikusema kitu. Akanitazama, hakuwasha redio tena, tukaenda hivyo tukiskiza mpaka karibu na Roysambu, penye ghafla nyuma pakaanza, kwanza vyuma, alafu meza.

"Hapa ndio wameishia," akasema.

Upande wa pili, wa kutoka tao, unafungwa Ijumaa ya tarehe ishirini na saba. Hio nimeijua mapema juu nina mpwa, si juu nimeambiwa. Nina ruracio Juja hio Jumamosi na wageni 150 wanatoka Lang'ata, nishawapigia. Kama wewe pia uko na shughuli upande wa Ruiru au Juja hio wikendi, pitia Eastern Bypass, na utoke mapema.